Garanti ni ya mashine, data ni ya mwenyewe: miaka arobaini ya laptopu mikononi mwa fundi

Goma, Kivu Kaskazini – Laptopu inapokataa kuwaka, swali la kwanza katika familia ni la pesa: fundi atadai ngapi? Swali la pili huchelewa, na mara nyingi linakuja wakati mashine imekwisha kurudi: picha ziko wapi? Diplomu iliyopigwa skana iko wapi? Familia zilizokimbia Masisi, Rutshuru ao Nyiragongo zinajua uzito wa swali hilo.

Karatasi za shamba zilibaki kijijini. Nyumba yenyewe labda imekwisha kuchomwa. Nakala moja tu ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, pamoja na picha ya nyanya aliyefariki njiani, imo ndani ya laptopu ya kaka mkubwa. Mashine hiyo ikienda kwa fundi, ao ikitumwa mbali kwa kampuni iliyoiunda kwa sababu garanti haijaisha, kumbukumbu za familia nzima zinasafiri pamoja nayo.

Jambo hili lina historia ya miaka zaidi ya arobaini. Anayeifuata hatua kwa hatua anaona kwamba kampuni ziliahidi kutengeneza mashine. Kilichomo ndani kiliachwa mikononi mwa mwenyewe, na hadi leo karibu kila karatasi ya garanti inasema hivyo.

Wakati data ilibebwa kando

Mwezi wa nne 1981, huko Marekani, Adam Osborne alionyesha kompyuta iliyoitwa Osborne 1. Ilikuwa kati ya za kwanza kuuzwa kwa wingi kama kompyuta ya kubeba, lakini kuibeba kulitaka mabega: ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, na haikuwa na betri ndani. Bei yake ilikuwa dola 1,795. Haikuwa na diski ngumu. Maandishi yaliwekwa kwenye diskete, zile sahani nyembamba zinazoingizwa na kutolewa kwa mkono.

Mwaka 1985 kampuni ya Toshiba ya Japani ikatoa T1100, nyepesi zaidi, kilo 4 hivi, yenye betri. Nayo ilitumia diskete tu.

Wakati ule, kompyuta kuharibika kulikuwa sawa vile radio ya kaseti kuharibika. Mtu alitoa kaseti yake, akaiweka mfukoni, akapeleka radio kwa fundi. Fundi alibaki na plastiki, nyaya na skrubu. Nyimbo zilibaki nyumbani. Hakuna aliyehitaji kumwamini fundi juu ya siri zake, kwa sababu siri hazikuwa ndani ya mashine.

Hali hiyo haikudumu. Mwaka 1986 Toshiba ilitoa T3100, kompyuta ya kubeba yenye diski ngumu ndani ya megabaiti 10. Leo nafasi hiyo inatosha picha mbili ao tatu za simu, lakini kwa mfanyakazi wa biro wa wakati ule ilikuwa kabati nzima ya barua. Mwaka 1992 IBM ikatoa ThinkPad 700C, yenye diski ya megabaiti 120. Diski hiyo ilikuwa ndani ya mashine, lakini mwenyewe aliweza kuitoa.

Kuanzia hapo, mashine na kumbukumbu zilianza kuishi katika sanduku moja. Kumpa fundi sanduku kulikuwa kumpa na vilivyomo. Watu wengi hawakuona badiliko hilo, kwa sababu lilikuja polepole na lilileta raha: hakuna tena kubeba rundo la diskete.

Sheria ya dunia ya friji na televisheni

Garanti yenyewe ni ya zamani kuliko laptopu. Huko Marekani, sheria kubwa juu ya garanti za vitu vya nyumbani, inayoitwa Magnuson-Moss, ilitiwa sahihi mwezi wa kwanza 1975. Ililazimisha kampuni kuandika garanti kwa maneno yanayoeleweka. Pia ilikataza kampuni kumwambia mnunuzi kwamba garanti itakufa asipotumia vipande ao fundi wa kampuni hiyo tu, isipokuwa kampuni inavitoa bure ao imepata ruhusa maalum ya serkali.

Ilikuwa sheria nzuri kwa mnunuzi. Lakini ilitungwa katika dunia ya friji, redio na televisheni. Friji inapopelekwa kwa fundi haibebi barua za mwenye nyumba. Hakuna aliyefikiri wakati ule kwamba siku moja kitu chenye garanti kitakuwa pia kabati ya familia.

Laptopu zilipoenea, kampuni ziliandika garanti zake kwa desturi ileile ya friji, kisha zikaongeza fungu dogo la maneno. Fungu hilo linasema, kwa namna moja ao nyingine, kwamba mteja ndiye mwenye wajibu wa kutoa nakala ya data zake kabla ya kuleta mashine, na kwamba kampuni haitalipa data zikipotea. Limeandikwa kwa herufi ndogo, katika karatasi ambayo wengi huitupa pamoja na boksi.

Kuna sababu ya kazi nyuma ya maneno hayo. Katika biro kubwa za matengenezo za kampuni, fundi ana mashine nyingi mbele yake na muda mfupi kwa kila moja. Njia ya haraka ni kubadilisha kipande kizima. Diski ikiwa mbovu, inatolewa na mpya inawekwa, tupu. Programu ikiwa na matatizo, mashine inarudishwa katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Mara nyingine mteja anarudishiwa mashine nyingine kabisa ya aina ileile. Kwa upande wa kampuni, ahadi imetimizwa: mteja alileta mashine iliyokufa, amepata mashine inayofanya kazi. Kwa upande wa mwanafunzi aliyekuwa na kazi yake ya mwisho wa masomo ndani, amerudishiwa sanduku tupu.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Katika garanti nyingi, kipande kibovu kilichotolewa kinakuwa mali ya kampuni. Diski iliyokufa, pamoja na chochote ambacho bado kinaweza kusomwa ndani yake, haimrudii mwenyewe. Makampuni na mabenki yaliliona hilo mapema na yakaogopa. Ndiyo maana Dell ilianza kuuza huduma inayoitwa Keep Your Hard Drive, na HP ikawa na huduma inayofanana nayo: mteja analipa zaidi ili diski yake mbovu ibaki kwake hata baada ya kuwekewa mpya. Huduma kama hizo zinaonyesha kwamba wenye mali nyingi walikwisha kuelewa kuwa kipande kidogo cha chuma kinaweza kuwa na thamani kuliko laptopu nzima.

Macho ya fundi

Kupoteza data ni hatari moja. Hatari nyingine ni data kusomwa na mtu asiyehusika.

Mwaka 2008, Hong Kong ilitikisika. Picha za faragha za mwigizaji mmoja maarufu pamoja na wanawake kadhaa zilianza kuenea katika intaneti. Uchunguzi ulirudi nyuma hadi laptopu yake iliyokuwa imepelekwa kutengenezwa. Mfanyakazi wa duka la kompyuta alikuwa ametoa nakala za picha hizo. Mwaka 2009 mahakama ilimhukumu fundi huyo kifungo cha miezi minane na nusu. Mwigizaji mwenyewe alijitoa katika kazi ya filamu huko Hong Kong. Wanawake waliokuwa katika picha hizo waliumia zaidi, na wao hawakuwa wamepeleka mashine yoyote kwa fundi yeyote.

Hilo ni somo linalogusa kila familia. Laptopu ya mtu mmoja hubeba siri za watu wengi: picha za dada, namba za simu za majirani, ripoti ya daktari ya mama, orodha ya watu waliopewa msaada katika kambi. Mwenye mashine anapoitoa bila kujilinda, anatoa na za wengine ambao hawakuulizwa.

Wapo waliosema baada ya Hong Kong: dawa ni kupeleka mashine kwa kampuni yenyewe, siyo kwa duka la mtaani. Lakini mwaka 2016 mwanafunzi mmoja wa jimbo la Oregon, Marekani, alituma simu yake ya iPhone itengenezwe kwa njia rasmi ya Apple. Ilifika katika biro ya California iliyofanya kazi hiyo kwa niaba ya kampuni. Mafundi wawili walichukua picha zake za faragha na kuziweka katika ukurasa wake wa Facebook, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeziweka. Apple ilimlipa fidia, na habari hiyo ilijulikana kwa watu mwaka 2021. Ilikuwa simu, lakini njia ni moja na ya laptopu: mashine inaondoka, inapita mikono isiyojulikana, na jina kubwa mlangoni halizuii jicho la mtu mmoja ndani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, walitaka kujua kama mambo hayo ni ya bahati mbaya tu. Walichukua laptopu, wakaharibu kitu kidogo katika sauti yake, wakaweka ndani programu iliyoandika kimya kila kinachofanyika, kisha wakazipeleka katika maduka 16 ya matengenezo. Matokeo yalitolewa mwaka 2022. Katika maduka 6, mafundi walifungua data ambazo hazikuhusika kabisa na sauti. Katika mawili kati ya hayo, walizinakili na kuzipeleka katika vifaa vyao. Laptopu zilizoonekana kuwa za wanawake zilipekuliwa zaidi. Baadhi ya mafundi walijaribu hata kufuta alama za walikopita.

Watafiti hao walijaribu jambo lingine. Walipeleka laptopu kubadilishiwa betri tu. Kubadilisha betri ni kazi ya skrubu, haihitaji kuingia ndani ya faili. Hata hivyo karibu maduka yote yaliomba neno la siri.

Ni haki kusema pia kwamba maduka mengi zaidi hayakupekua. Fundi mwaminifu yupo, na ndiye wengi. Lakini mteja anayesimama mbele ya meza hana namna ya kumtambua yupi ni yupi.

Diski iliyotupwa inaendelea kusema

Historia hii ina tawi lingine, linalowagusa sana wakaaji wa Afrika: mashine za mtumba.

Kati ya mwaka 2000 na 2002, wanafunzi wawili wa MIT huko Marekani walinunua diski ngumu 158 zilizokwisha kutumiwa, kutoka kwa wauzaji mbalimbali. Diski 129 kati ya hizo bado zilifanya kazi. Walipozisoma, waligundua kwamba 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Katika zingine walikuta barua, habari za wagonjwa na zaidi ya namba 5,000 za kadi za benki. Wengi wa waliouza diski hizo waliamini kwamba walikuwa wamefuta kila kitu.

Maelezo yake ni rahisi. Kufuta faili katika kompyuta ni sawa vile kung'oa jina la kitabu katika orodha ya maktaba. Kitabu chenyewe kinabaki kwenye rafu mpaka kitabu kingine kichukue nafasi yake. Mwenye ujuzi kidogo anakifikia bila shida.

Mwaka 2009, kikundi cha wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Canada kilifika Ghana kufuata njia ya takataka za kompyuta zinazotoka nchi tajiri. Walinunua diski sokoni, moja kwa dola 40. Ndani yake walikuta karatasi za kampuni kubwa ya silaha ya Marekani, Northrop Grumman, zikiwemo za mikataba na serkali yao. Kampuni yenye walinzi na wanasheria ilikuwa imepoteza siri zake katika soko la Afrika Magharibi, kwa sababu mtu fulani aliona mashine ya zamani kama chuma tu.

Hadithi hiyo inageukia pande zote mbili. Anayenunua laptopu ya mtumba kutoka Dubai ao Ulaya anaweza kukuta ndani maisha ya mtu asiyemjua. Na anayeuza yake kwa haraka, labda ili apate pesa ya kukimbia, anaweza kuacha maisha yake mikononi mwa mnunuzi.

Kufuli linaingia ndani ya mashine

Baada ya aibu hizo, kampuni zilianza kuweka kufuli ndani ya mashine yenyewe. Apple ilileta FileVault mwaka 2003. Microsoft ilileta BitLocker pamoja na Windows Vista mwaka 2007. Programu hizi zinachanganya data kwa hesabu za siri, hata diski ikitolewa na kuwekwa katika kompyuta nyingine haionyeshi kitu kinachosomeka. Mwanzoni zilikuwa za kuchagua. Miaka iliyofuata zilianza kujiwasha zenyewe katika mashine nyingi mpya, mara nyingine bila mwenyewe kutambua.

Wakati huohuo mashine zilikuwa zinakonda. Mwaka 2015 Apple ilitoa MacBook nyembamba ambayo sehemu yake ya kuhifadhi data ilichomelewa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Hakukuwa tena na diski ya kutoa kwa skrubu. Kuanzia mwisho wa 2017 iliongeza katika kompyuta zake chipu iitwayo T2, inayofunga data kwa ufunguo uliomo ndani ya chipu hiyohiyo. Bodi ikifa, ufunguo unaweza kufa nayo.

Hapa ndipo historia iligeuka kwa namna ambayo wengi hawakuitazamia. Kufuli linalomzuia mwizi linaweza pia kumzuia mwenye mali. Mfano unaoonekana mara nyingi ni huu: laptopu ya Windows inapelekwa chini ya garanti, bodi kuu inabadilishwa, diski haiguswi. Mashine inarudi, inawaka vizuri, kisha inaonyesha skrini ya bluu ikidai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Kufuli lilikuwa limefungamana na bodi ya zamani, na bodi mpya halijui. Kwa kawaida ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika siku ya kwanza. Lakini kama akaunti ilifunguliwa na muuzaji, ao kwa namba ya simu ambayo ilipotea wakati wa kukimbia, data ziko palepale, nzima kabisa, na hakuna fundi wa Goma, Kinshasa ao Marekani anayeweza kuzifungua.

Nani ana haki ya kufungua skrubu

Kwa miaka mingi, kampuni zilitumia hofu ya usalama wa data kama sababu ya kuwazuia mafundi wa nje. Zilibandika karatasi ndogo juu ya skrubu, zenye onyo kwamba anayezing'oa amepoteza garanti. Mwezi wa nne 2018, tume ya biashara ya serkali ya Marekani, FTC, iliziandikia kampuni sita, kati yao Asus, Sony na Microsoft, kuzikumbusha kwamba vitisho vya namna hiyo vinaweza kuvunja sheria ya 1975.

Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti ndefu kwa wabunge. Juu ya data, ilisema kwamba hakuna ushahidi wa utafiti unaoonyesha mafundi huru wanachezea data za wateja kuliko mafundi walioidhinishwa na kampuni, wala kinyume chake. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza, na majimbo kadhaa ya Marekani yamefanya vilevile.

Kwa mkaaji wa Kivu, ripoti hiyo ina maana kubwa. Fundi mwenye meza ndogo kando ya barabara hapaswi kudharauliwa kwa sababu hana nembo ya kampuni. Na kampuni haipaswi kuaminiwa kipofu kwa sababu ina nembo. Katika pande zote mbili, ulinzi wa kweli unafanyika nyumbani, kabla mashine haijatoka.

Kivu ndani ya laptopu

Mashariki ya Kongo siyo wageni katika historia hii. Tantali, madini yanayotoka katika koltani ya milima ya Masisi na kwingine Kivu, hutumiwa katika vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya laptopu na simu. Kobalti ya Katanga na Lualaba iko katika betri nyingi. Madini yanaondoka kama mawe, yanarudi kama mashine, mara nyingi ikiwa imekwisha kutumiwa na watu wawili ao watatu na garanti yake imekwisha zamani.

Kuhusu sheria, Kongo ilipata Code du numérique kwa ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Ina sehemu juu ya ulinzi wa data za mtu binafsi. Mtu aliyeibiwa picha ao karatasi zake sasa ana sheria ya kutaja. Lakini sheria inahitaji tribinali inayofanya kazi, na familia iliyo njiani haina muda wa kungoja hukumu.

Wakaaji wa Goma wanajua namna mambo yanavyoweza kubadilika kwa saa chache. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka jioni. Siku tano baadaye, amri ya kuhama ilitolewa kwa sehemu kubwa ya mji, na mamia ya maelfu ya watu walishika njia, wengi kuelekea Sake. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, vita vilifika ndani ya mji wenyewe, na baadaye kambi zilizouzunguka zikabaki tupu. Anayekimbia hawezi kupita kwanza kwa fundi kuchukua laptopu yake. Kilichokuwa kwenye meza ya fundi siku ile kilibaki huko, na fundi mwenyewe naye alikuwa akikimbia.

Kwa hiyo historia hii ya miaka arobaini inaleta desturi chache ambazo familia inaweza kuzishika hata bila pesa nyingi.

Ya kwanza ni kurudi kwa hekima ya diskete: data muhimu ziwe na mahali pengine nje ya mashine. Flashi moja ndogo inatosha karatasi zote za familia. Nakala ya pili iwe kwa ndugu anayeishi mji mwingine, ao katika akaunti ya intaneti ambayo neno lake la siri linajulikana na watu wawili wa nyumba.

Ya pili, wakati laptopu ingali nzima, ufunguo wa kufuli uandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na kadi ya mpiga kura na vyeti. Tarakimu 48 zinaandikwa kwa dakika tatu.

Ya tatu, neno la siri lisitolewe kwa kazi isiyolihitaji. Betri, skrini, chaja na kibodi ni kazi za mikono. Kama fundi anahitaji kweli kuingia ndani ili ajaribu mashine, afunguliwe akaunti nyingine tupu. Kama diski inatolewa kwa skrubu, itolewe kabla mashine haijatumwa, kampuni ikikubali, na ibaki nyumbani.

Ya nne, mashine isiachwe bila fakture. Iandikwe tarehe, namba ya mashine iliyoko chini yake, tatizo, na kama diski imo ao haimo. Fundi mwaminifu hakatai, maana karatasi hiyo inamlinda naye pia.

Ya tano, mashine ikiharibika ghafla, mikono itulie. Laptopu iliyolowa maji isiwashwe wala kuchajiwa. Umeme utolewe kwanza. Betri iliyovimba isikandamizwe wala kutobolewa. Diski inayogonga tik-tik isilazimishwe kuwaka tena na tena, kwa sababu kila jaribio linaweza kukwaruza kilichobaki. Na skrini nyeusi haina maana kwamba data zimekufa. Mara nyingi diski ni nzima, na kiboksi kidogo cha USB kinaweza kuisoma katika kompyuta ya jirani.

Ya mwisho ni ya siku ya kuuza. Kufuta faili peke yake hakutoshi, kama diski 158 zilivyoonyesha. Data zifungwe kwanza kwa kufuli la siri, kisha mashine irudishwe katika hali ya kiwanda. Na kama diski imekufa, ipondwe kabla ya kutupwa.

Wanaokimbia vita wamekwisha kujifunza kupanga begi la usiku: kadi, vyeti, dawa, nguo ya mtoto. Flashi ndogo iliyofungwa ndani ya plastiki haiongezi uzito katika begi hilo. Laptopu inaweza kubaki kwa fundi, na diplomu ya kaka, cheti cha mtoto na uso wa nyanya vikafika salama pamoja na familia.